Sakafu Yangu ya Dansi

Temeke, Jumanne, 1 Machi 1955

Nimetoka eda leo asubuhi. Shangazi alinikogesha, akanivisha khanga mpya, akataka nikae barazani nipokee wageni. Nikakaa kidogo kwa heshima yake, kisha nikajitanda buibui nikaenda ukumbini.

Ukumbi wetu si mkubwa. Marehemu mume wangu, Sadallah, aliujenga kwa matofali ya saruji na bati, akautia madirisha mapana upande wa barabara ili wapita njia wasikie wanachokikosa. Kuta ni zake. Sakafu ni yangu. Yeye alitaka kumwaga saruji. Nikamwambia saruji inaua magoti ya wachezaji, nikauza bangili zangu za harusi, nikaleta mbao za mninga na fundi wangu mwenyewe. Hakuna ukumbi wa Waafrika mji huu wenye sakafu kama ile. Sijisifu. Nimekwenda kote nikakagua.

Niliwakuta bendi wako mazoezini. Kasimiri, kiongozi wao, alishusha tarumbeta akanipa pole. Ni Mmakua wa Masasi, alifundishwa kupuliza na mapadri, mchana anafanya kazi reli. Muda wote nilipokuwa ndani yeye ndiye aliyeuangalia ukumbi, na mkewe Rosalia aliendelea kuuza chai na maandazi pembeni. Nilivua viatu nikatembea juu ya mbao kutoka ukuta hadi ukuta. Hazijapinda.

Jumapili, 6 Machi

Jana dansi yangu ya kwanza tangu msiba. Mvua ilianza jioni, na bati likapiga kelele kuishinda bendi. Kasimiri akawaambia wenzake wapige kwa kufuata mvua, na watu wakacheza. Wengine hawakujua kwamba imenyesha mpaka walipotoka.

Jumatano, 9 Machi

Shemeji Mwishehe amekuja kutoka Msasani kwa baiskeli, amelowa mpaka kofia. Ndiye kaka mkubwa wa marehemu, mchuuzi wa samaki, mtu wa msikitini. Nilimwamkia, nikampa kitambaa ajifute, nikajua hakuja kunijulia hali.

Kadhi alishagawa urithi nikiwa eda. Sisi hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo robo ni yangu na kilichobaki ni cha Mwishehe. Sina ubishi na sheria. Leo ameleta neno lake. Amempata tajiri anayetaka jengo liwe ghala la mbata za nazi. Atauza, nami nitapewa fungu langu. Au, akasema huku akitazama mkeka, anioe yeye niwe mke wa pili, jengo libaki la ukoo, ila dansi ikome.

Nilimuuliza nina muda gani wa kujibu. Akasema mpaka mwezi wa Ramadhani uandame.

Hakuingia ukumbini. Hata mlangoni hakukanyaga. Nilimtazama akiondoka na baiskeli yake kwenye matope, nikasema moyoni, huyu ni tamaa tu imevaa kanzu. Rosalia aliniuliza kama nimeogopa. Nikamwambia nimepewa kazi ya kufikiri, na kazi hiyo naiweza.

Jumatatu, 14 Machi

Mvua.

Alhamisi, 17 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Ngozi ya ngoma kubwa imelegea, wanaianika juu ya jiko la Rosalia.

Jumapili, 20 Machi

Jana walijaa. Walikuja makuli wa bandarini, maboi wa Oyster Bay waliovaa makoti waliyopewa na mabwana zao, wasichana wa Ilala wenye magauni waliyoshona wenyewe. Mimi nakaa mlangoni kwenye kiti changu. Msichana akija peke yake, benchi lake ni lile lililo karibu nami, na anayetaka kucheza naye huja kuomba mbele yangu. Ndiyo maana wanakuja, na mama zao wanawaruhusu.

Katikati ya rumba mtu mmoja mgeni alimvuta msichana mkono kwa nguvu. Niliinua kiganja, na bendi ikanyamaza hapo hapo, katikati ya neno. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama yule bwana. Alijitazama, akaachia mkono, akatoka mwenyewe. Nikashusha kiganja na rumba ikaendelea ilipokatikia. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilizaliwa nayo.

Jumapili, 27 Machi

Chausiku, mke wa Mwishehe, amenitembelea. Sijawahi kumpenda. Kwenye matanga ya Sadallah alikaa kama jiwe, hakunishika hata mkono. Leo nilijua amekuja kunitukana kwa sababu ya ile posa, nikamkaribisha kitako nikiwa nimejiandaa kujibu.

Alikunywa kahawa yake yote kwanza. Kisha akasema, "Mie uke wenza siugombi, Tunu. Mama yangu aliishi nao. Lakini nimekuja nikwambie, Mwishehe hakutaki wewe. Anataka usingizi."

Nikamuuliza usingizi gani. Akanieleza jambo ambalo Sadallah hakunieleza hata siku moja. Ujanani Mwishehe alikuwa mtu wa beni, ngoma ile ya kupiga gwaride, tena mbele kabisa, mwenye filimbi na fimbo, watu wanapanga mstari barabarani kumwona akigeuka. Mwaka mmoja ndui ikamshika, akalala kufa. Akaweka nadhiri kwamba akipona hatagusa ngoma tena, wala kitu kilichotokana na ngoma. Akapona. Sasa mdogo wake amekufa na kumwachia ukumbi wa dansi, na kila siku unapokuwa mikononi mwake anaona nadhiri yake inavunjika.

"Angeweza kusema," nikamjibu.

"Kwa nani? Kwako wewe, unayekaa mlangoni kama liwali?"

Nilicheka, naye akacheka. Nikamuuliza kwa nini alikaa vile matangani. Akasema Sadallah alikuwa shemeji aliyemlea akiwa bi harusi wa miaka kumi na mitano, asiyejua mtu Msasani, na kama angenishika mkono siku ile angeanguka chini mbele za watu.

Alipotaka kuondoka akaomba aone ukumbi. Hakukuwa na mtu. Alivua ndara akapita juu ya mbao polepole, akasimama katikati, akazipigapiga kwa kisigino. Akasema zinasikika kama kitu kilicho hai. Nimemdhania vibaya mwanamke huyu muda mrefu.

Jumapili, 3 Aprili

Usiku wa kuamkia juzi upepo ulinyanyua mabati mawili ya upande wa nyuma. Tuliyarudisha mchana kwa mawe na kamba. Kasimiri alikuwa juu ya paa akigonga misumari, mimi chini nikimpa, na hapo ndipo aliponiambia. Kuna klabu mjini imemwita. Wana umeme, wana kipaza sauti, wapigaji wanashonewa makoti meupe. Anakwenda baada ya Pasaka.

Nilimpa msumari mwingine. Alipomaliza akashuka, akasema, "Bibi Tunu, ukumbi huu hata wewe hujui kama utakuwepo mwezi wa sita."

Ni kweli. Ndiyo maana iliniuma. Mtu huyu alinitunzia nyumba nilipokuwa eda, nami nilimchukulia kama ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia aende salama, na apige vizuri Pasaka ili watu wajue wamepoteza nini.

Jioni Rosalia alikuja kuwasha jiko kama kawaida. Nikamuuliza naye lini anahama. Akasema, "Ameitwa yeye. Mie sikuitwa."

Alhamisi, 7 Aprili

Mvua. Nimekwenda Kinondoni kuona kile kiwanja alichoniachia mama. Magugu mpaka kifuani. Lakini ardhi yake iko juu, maji hayatuami.

Jumatatu, 11 Aprili

Jana Pasaka, dansi ya mchana. Watu wa kusini walikuja kutoka kanisani moja kwa moja, na Kasimiri alipuliza kama mtu anayelipa mahari. Kwenye valsi ya mwisho nilitoka nje kuvuta hewa, nikamkuta Mwishehe amesimama ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli. Nikavuka kwenda kwake. Siku za nyuma ningemngoja yeye avuke.

Nilimwambia najua habari ya nadhiri. Akauliza kama ni Chausiku aliyeniambia, nikasema ndiyo. Nikamwambia sitaolewa naye, namshukuru kwa nia, na hakuna kinyongo. Kuta auze. Lakini sakafu si ya urithi, maana haikuwa mali ya marehemu. Ni yangu, naiondoa.

Nilitegemea abishe. Akauliza nitaipeleka wapi. Nikamwambia Kinondoni. Akatazama madirisha, watu wakizunguka ndani, akasema wimbo ule mpigaji ngoma anauchelewesha. Kisha akapanda baiskeli yake.

Nilirudi ndani nikasikiliza. Kweli alikuwa anauchelewesha.

Ijumaa, 15 Aprili

Baada ya swala tumekutana na yule tajiri wa mbata, mashahidi wawili na mimi. Tajiri ni mtu wa heshima lakini mkavu. Akasema yeye alionyeshwa jengo lenye sakafu, na bei aliyokubali ni ya jengo lenye sakafu. Mbao za mninga zinafaa sana ghalani, mbata hazishiki unyevu. Nikaanza kueleza. Akageuka kumtazama Mwishehe kama vile mimi ni upepo.

Mwishehe angeweza kunyamaza tu. Kunyamaza kwake kungetosha, na yeye angefaidika. Badala yake akasema, "Mbao ni za huyu. Siku zilipoletwa nilikuwapo. Nilimwona mikono haina kitu, nikamuuliza mdogo wangu bangili za mkewe ziko wapi, akanionyesha chini. Kama unataka jengo, chukua jengo. Kama unataka mbao, zungumza na yeye."

Tajiri akanigeukia. Nikamwambia siuzi.

Wakaandikiana bila sakafu. Njiani kurudi nilitembea nyuma ya shemeji yangu, kidogo nione aibu kwa yale niliyoyaandika mwezi wa tatu. Sitayafuta. Nilimwona hivyo siku ile.

Jumapili, 24 Aprili

Mwezi umeandama, leo Ramadhani mosi. Tumeanza kung'oa. Nilisema nitaweka mafundi, lakini asubuhi walikuja wachezaji wenyewe, makuli, maboi, fundi cherehani mmoja, kila mtu na nyundo aliyoazima. Rosalia ananyoosha misumari juu ya jiwe na kuitia kwenye debe. Kila ubao nauandika nambari kwa chaki upande wa chini, ili Kinondoni urudi mahali pake karibu na jirani yake.

Jumatatu, 25 Aprili

Nimefunga, nimechoka, nina furaha.

Jumanne, 3 Mei

Kasimiri ameanza kazi klabuni mjini. Rosalia anasema koti linambana mabegani. Waliobaki nami ni mpiga gitaa, mpiga kodiani na yule mpiga ngoma anayechelewa. Nimemwambia asichelewe.

Jumapili, 8 Mei

Naandika mikono ikiwa imevimba.

Tulipakia lori asubuhi. Mbao zote, wanaume wanane juu yake, mimi na Rosalia mbele na dereva. Ilala tulipita vizuri. Tulipofika Jangwani tukakuta mto Msimbazi umetoka. Barabara yote kabla ya daraja na baada yake ilikuwa maji mekundu yanayokwenda mbio, na watu wamesimama pande zote mbili wakitazamana. Dereva akashuka, akaingia mpaka mapajani, akarudi. Akasema lori haliingii, tena bwana wake anataka gari mchana. Nilimsihi. Alikuwa kijana mwema lakini lori si lake. Wakashusha mbao zikapangwa kando ya barabara, naye akageuza akaenda.

Na mbingu zilikuwa nyeusi upande wa Pugu. Mvua ile ingefika, maji yangepanda, na mbao zangu zingeelea mpaka baharini. Kurudi hatukuwa na pa kurudi, Temeke jengo lilikwisha kuwa la mtu.

Nikasema tunavusha kwa vichwa. Mmoja wa makuli, mtu mwenye nguvu kuliko wote, akasema maji yale yanavuta, mtu mwenye ubao kichwani akiteleza harudi. Hakusema kwa woga. Alikuwa na haki. Nikasogea ukingoni nipime maji kwa macho.

Ndipo nikamwona Mwishehe ng'ambo. Chausiku alikuwa amemwambia ni leo. Baiskeli yake ilikuwa imebeba bunda la kamba nene ya katani, ile wanayofungia nanga Msasani. Alifunga uzi kwenye kamba na jiwe dogo kwenye uzi, akatupa mara kadhaa mpaka makuli wakaudaka, wakaivuta kamba kupitia uzi. Upande wetu tuliifunga kwenye nguzo ya simu. Upande wake hapakuwa na nguzo wala mti. Akaizungusha kiunoni, akakaa chini kwenye matope, akakita miguu kwenye ukingo wa barabara.

Nilivuka wa kwanza nikishika kamba kwa mkono mmoja, ubao begani, ili wanaume waone inawezekana. Maji yalinifika kiunoni na yalikuwa na nguvu kama mtu anayekukokota. Nilipofika ng'ambo nilimwomba Mwishehe asimame abadilishane na mwingine, maana amefunga saumu na si kijana.

"Mbao za dansi sibebi," akasema. "Kamba ni yangu, naishika."

Wakaanza kuvuka, mmoja baada ya mwingine. Waliokuwa wametazama tu, wenye mizigo yao ya mihogo na makuti, walipoona kamba imekaa imara wakaitumia pia, na wengine wakarudi kunivushia ubao mmoja mmoja kama shukrani. Mvua ilifika tukiwa katikati. Rosalia alikuwa majini na mbao mbili aliponiponyoka machoni. Aliteleza, kichwa kikazama, nikaona khanga yake tu inaelea. Lakini mkono haukuachia kamba. Mvuto ule ulimnyanyua Mwishehe kutoka alipokaa, ukamburura kwa magoti mpaka ukingoni kabisa mwa maji. Sikusikia akipiga kelele. Alijilaza chali na kamba kiunoni, vidole vya miguu vimezama kwenye udongo, akamshikilia hapo mpaka makuli wawili walipomfikia Rosalia wakamtoa, anatapika maji na kuuliza mbao ziko wapi.

Zilikuwa zimekwenda. Tatu tulipoteza kwa jumla. Zilizobaki zilivuka zote.

Kamba ilipofunguliwa, kanzu ya shemeji yangu ilikuwa na damu kiunoni. Nikamwomba aje afuturu nasi Kinondoni. Akasema Chausiku amepika, anamngoja. Aliondoka akisukuma baiskeli, hakuweza kupanda.

Jumatatu, 9 Mei

Nimelala mchana kutwa.

Jumapili, 15 Mei

Magugu yamefyekwa. Tumelaza boriti na sakafu imerudi, nambari kwa nambari. Pale zilipopotea zile tatu tumetia mvule. Rangi haifanani na sitaipaka. Hakuna kuta bado. Kuna nguzo, turubai kubwa la kuazima na benchi. Kibali cha dansi kimetoka kwa jina langu.

Jumatano, 18 Mei

Mvua inapungua. Leo jua mpaka alasiri. Nilikwenda Msasani na maandazi ya Rosalia. Mwishehe anaendelea vizuri, amelalia upande. Chausiku alinishika mkono tangu mlangoni na hakuuachia mpaka nilipokaa.

Jumatano, 25 Mei

Jana Idi pili tumefungua, dansi ya mchana. Walikuja wa Temeke kwa miguu na wa Magomeni na Kinondoni ambao sijawahi kuwaona. Wanawake wengi walikuja kutazama kwanza, wakasimama pembeni na mabuibui yao, na Chausiku alikuwa miongoni mwao, akiwaeleza wenzake ubao upi ulivukaje. Nilikaa kwenye kiti changu mahali ambapo mlango utakuwa.

Sitasema uongo, wimbo wa kwanza bila tarumbeta ulikuwa kama chakula kisicho na chumvi. Watu walicheza kwa adabu. Wimbo wa pili kodiani ikapata nafasi ambayo haikuwahi kupewa, na huko nyuma ngoma haikuchelewa hata mara moja. Kufika wa tatu mbao zilikuwa zinaunguruma, na mimi nilikwisha kusahau kinachokosekana.

Jua lilipoanza kushuka akatokea Kasimiri, amevaa koti jeupe la klabu yake, tarumbeta kwapani. Akanisalimu, akasema mjini leo wanaanza kuchelewa, akaomba apande apige moja tu, kwa ajili ya zamani. Aliongeza kwamba akisikia nimekasirika ataelewa.

Nilimtazama vizuri. Sikuwa na hasira naye tena. Mtu ameitwa na kazi nzuri, akaenda. Mimi mwenyewe sikuwa na cha kumwahidi. Lakini wale watatu pale jukwaani walikuwa wameibeba siku tangu mchana, na nikimpandisha yeye, kesho mji mzima ungesema Kasimiri ndiye aliyefungua ukumbi wa Kinondoni.

"Leo wewe ni mgeni," nikamwambia. "Lipa kiingilio, ucheze."

Akalipa. Tarumbeta akaniachia miguuni pangu, akasimama pembeni asijue mikono aiweke wapi. Rosalia alimwona kutoka kwenye birika lake. Alijifuta unga, akavuka sakafu mbele ya watu wote, akamshika mumewe kiwiko akamwingiza katikati. Miaka yote waliyooana hawajawahi kucheza pamoja, maana kila dansi yeye alikuwa jukwaani na mkewe yuko jikoni.

Walizunguka nyimbo mbili nzima. Watu waliwapisha, nami niliona Rosalia amefumba macho na uso umekunjamana, nikadhani analia. Wimbo ulipokwisha alirudi kwangu akichechemea, akakaa kwenye benchi la wasichana, akavua kiatu na kukisugua kidole.

"Bibi Tunu," akasema kwa sauti ya chini, "nilikuwa sijui. Mume wangu hajui kucheza kabisa."

Kisha akavaa kiatu chake, akaenda kumchukua tena.